Barua ya Askofu Imeshasomwa, Parokia Ifanye Nini?

Askofu haandiki barua ya kichungaji kila mwezi. Huandika Kwaresima inapokaribia, uchaguzi unapobisha hodi, au mambo yanapogeuka kiasi kwamba mazoea ya jana hayafai tena. Hapa Mombasa mageuzi hayo hayahitaji darubini. Tangu mizigo ya bandarini ianze kusafirishwa kwa treni ya SGR, waliotegemea malori Changamwe na Mariakani wameyumba, na wapo waliohama na jamaa zao. Sadaka inatumwa kwa simu. Vijana wanasikiliza wahubiri wa mtandaoni kuliko katekista wao. Na baada ya Shakahola mwaka wa 2023, ambako miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri aliyewahimiza kufunga hadi kufa ilifukuliwa, hakuna parokia Pwani inayoweza kusema suala la mafundisho potovu haliihusu.

Barua hiyo husomwa Jumapili moja, ikabandikwa ubaoni, ikapauka. Kosa huanzia kwenye namna inavyopokelewa.

Kabla ya Jumapili, paroko aketi na halmashauri ya parokia waipitie aya kwa aya wakiweka alama pembeni: M kwa mafundisho, A kwa agizo, W kwa wito. Mafundisho hufafanua imani, na hayo ni ya kujifunza. Agizo hufunga. Utalijua kwa sababu linamtaja anayetakiwa kutenda na tarehe ya kuanza. Wito huachiwa dhamiri ya mtu. Ukichanganya haya matatu, unaumiza watu. Askofu akiwaalika waumini kuchangia seminari, halafu mwenyekiti wa jumuiya ndogo ya waumini mtaani akaanza kusoma majina ya waliokosa, wito umegeuzwa deni. Ifahamike pia kwamba Kanuni 848 ya Sheria za Kanisa Katoliki inamtaka mhudumu ahakikishe maskini hanyimwi sakramenti kwa sababu ya umaskini wake. Zaka isiyolipwa haimzuii mtoto kubatizwa.

Kinyume chake nacho kipo: agizo kuchukuliwa kama ushauri. Mfano ni wanasiasa na kipaza sauti cha kanisa. Novemba 2024 Jimbo Kuu la Nairobi lilikataa fedha ambazo Rais na gavana walitoa katika parokia ya Soweto, likasema zirudishwe. Askofu akishatoa msimamo wa aina hiyo, halmashauri haina ruhusa ya kupiga kura kama itaufuata.

Kuhusu kusoma: barua ya maneno 2,000 kwa sauti ya kanisani huchukua karibu dakika 18. Ukiisoma yote baada ya Komunyo, nusu ya watu watakuwa wanawaza feri ya Likoni. Igawanywe kwa Jumapili mbili, na maagizo yasomwe yote siku ya kwanza. Vigango, yaani makanisa madogo yaliyo chini ya parokia, vya Kwale na Taita visisahaulike. Kisichopata Misa kila wiki husomewa barua na katekista katika ibada ya Neno, kwa hiyo nakala imfikie ifikapo Alhamisi ili apate muda wa kuandaa maelezo kwa Kiduruma, Kidigo au Kitaita panapohitajika. Picha ya barua iliyopigwa kwa simu na kutumwa Jumamosi usiku haisomeki, tena mara nyingi hukosa ukurasa wa mwisho, penye sahihi na tarehe.

Jumuiya ndogo ndogo ndizo zinazoipa barua miguu. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walizifanya kuwa nguzo ya uchungaji katika miaka ya 1970, na bado hatujapata njia bora zaidi. Jumuiya itenge mikutano mitatu, mmoja kwa kila alama, na katibu aandike maswali kama yalivyoulizwa bila kuyapamba. Yafike kwa paroko ndani ya mwezi.

Swali ambalo Mombasa haiwezi kulikwepa ni la ndoa kati ya Mkatoliki na Mwislamu. Hapa barua hutoa mwelekeo tu. Kazi yenyewe hufanyika ofisini. Kanuni 1086 inasema ndoa hiyo ni batili mpaka kizuizi cha tofauti ya dini kiondolewe na askofu au aliyekasimiwa naye. Paroko hawezi kukiondoa kwa huruma yake. Masharti yapo kwenye Kanuni 1125: Mkatoliki atamke kwamba yuko tayari kuepuka hatari ya kuiacha imani, na aahidi kufanya yote yaliyo katika uwezo wake ili watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki, mwenzake ajulishwe ahadi hiyo mapema, na wote wawili wafundishwe shabaha na sifa za msingi za ndoa. Mwislamu hatakiwi kuahidi chochote wala kubadili dini, na anayemwambia vinginevyo anamdanganya.

Mambo huharibika kwa ratiba. Wachumba huja wiki mbili kabla ya arusi, ukumbi umeshalipiwa. Waje angalau miezi sita kabla. Wengine hufunga nikaha kwa kadhi kwanza, kisha huja kanisani "kubarikiwa". Kanuni 1127 hairuhusu sherehe nyingine ya kidini ya kutoa au kurudia ridhaa, kabla wala baada. Liko pia suala la idadi ya wake: Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 inaichukulia ndoa ya Kiislamu kuwa ya mitara au inayoweza kuwa ya mitara, na ya Kikristo kuwa ya mke mmoja. Padri amuulize bwana harusi waziwazi, mbele ya mchumba wake, anaelewa umoja wa ndoa kuwa nini. Kama tayari ana mke, mazungumzo yanaishia hapo.

Fedha za simu nazo zinahitaji mpangilio. Paybill, yaani namba ya kupokea malipo ya simu, iwe kwa jina la parokia, kamwe isiwe namba ya mtu. Sehemu ya akaunti itenganishe ZAKA, UJENZI, MISA na MASKINI, kwa sababu Kanuni 1267 inataka sadaka iliyotolewa kwa lengo fulani itumike kwa lengo hilo tu. Kila kitu kikiandikwa "sadaka", mhasibu hawezi kujua nia ya Misa ni ipi na mchango wa paa ni upi. Kila mwezi watu wawili wa kamati ya fedha walinganishe taarifa ya Paybill na ya benki, na yeyote kati yao asiwe yule anayehamisha fedha. Matokeo yatangazwe kanisani.

Kuna na wale waliohama. Rejista ya ubatizo haihami na mtu. Aliyebatizwa Changamwe akifunga ndoa Naivasha, paroko wa Naivasha anawajibika, kwa Kanuni 1122, kuijulisha Changamwe, na karani wa Changamwe aandike ndoa hiyo pembeni mwa jina lake: tarehe, mahali, jina la mwenzi. Pasipoandikwa, mtu huyo ataendelea kupata cheti kinachomwonyesha hajaoa. Askofu hukagua vitabu hivi katika ziara yake ya kichungaji, ambayo huzunguka jimbo zima angalau kila miaka mitano. Karani asingoje ziara. Fomu ya taarifa ijazwe siku ile ile ya arusi na itumwe wiki hiyo hiyo.