"Nimeanza kliniki": elimu ya mjamzito ni nini hasa?

Dar es Salaam mwanamke akisema "nimeanza kliniki", hakuna anayemuuliza anaumwa nini. Kliniki ziko za kila aina, za sukari, za macho, za meno, lakini neno likitajwa lenyewe hivyo, watu wanajua kuna mimba, kuna kadi, na kuna siku za kurudi. Majirani wanaanza kuhesabu miezi kwa vidole.

Kadi ndiyo inayoonekana. Kinachoitwa elimu ya mjamzito wengi wanakijua kama yale maneno ya asubuhi kwenye benchi: nesi anasimama mbele, anazungumzia mlo kamili, chandarua na dalili za hatari, kisha foleni inaanza kusogea. Hiyo ni sehemu yake tu. Elimu ya mjamzito maana yake ni mwanamke kuelewa kinachoendelea mwilini mwake, kutambua mambo yakianza kwenda mrama, na kuwa na njia ya kufanya kitu akishatambua. Hilo la tatu ndilo linalosahaulika, na kwa mwanamke asiye na kipato ndilo zito kuliko yote.

Pwani kazi hii ilikuwa na mwenyewe: somo, au kungwi. Alikaa na mwari chumbani, akamfunda kwa lugha anayoielewa, na mwari alipokuja kupata mimba alijua wa kumkimbilia. Sisemi somo hakukosea. Kuna mabibi waliokataza mayai eti mtoto atazaliwa bila nywele, na mayai ni katika vyakula anavyovihitaji sana mjamzito. Lakini somo alikuwa na wakati, na alikuwa na mtu mmoja mbele yake. Nesi wa zahanati ya Tandale au Mbagala ana benchi zima, na nusu ya waliokaa wanatazama foleni, hawamtazami yeye.

Tuanze na suala la muda, maana hapo ndipo wengi wanapokwama. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito akutane na mtaalamu mara 8 badala ya 4 za zamani, na mara ya kwanza iwe ndani ya wiki 12. Mjini kwetu mimba changa haitangazwi. Watu wanaogopa husuda, wanaogopa iharibike baada ya kusema, na wengine hawana uhakika hata kama ipo. Wanasubiri tumbo lionekane, na huo ni mwezi wa tano au wa sita.

Kuna mambo yasiyongoja tumbo. Uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya wiki nne hivi tangu mimba itungwe, wakati ambao mama pengine anadhani hedhi imechelewa tu. Upungufu wa vitamini iitwayo foliki asidi katika siku hizo huongeza hatari ya mtoto kuzaliwa na mgongo wazi. Ndiyo maana madaktari husema vidonge vya foliki asidi vianze hata kabla ya kushika mimba. Kaswende nayo hutibika kwa sindano za penisilini, ila ikiachwa inaweza kumuua mtoto tumboni. VVU vikigundulika mapema na mama akaanza dawa, uwezekano wa mtoto kuzaliwa salama ni mkubwa sana. Kuwahi kuna faida nyingine ndogo: bado unaikumbuka tarehe ya hedhi ya mwisho, na tarehe ya matarajio inapigwa kutokana na hiyo.

Halafu kuna dawa zinazotolewa bila maelezo ya kutosha. Vidonge vitatu vya SP, dawa ya kukinga malaria, humezwa papo hapo mbele ya nesi, kuanzia wiki ya 13, na hurudiwa baada ya mwezi au zaidi. Mama anajiuliza anatibiwa nini wakati hana homa. Jibu ni kwamba vimelea vya malaria hujificha kwenye kondo la nyuma, mama asijisikie vibaya kabisa, huku mtoto akikosa chakula na kuzaliwa na uzito mdogo. (Anayetumia Septrin kwa sababu ya VVU hapewi SP, kwa hiyo asione amesahauliwa.) Vidonge vya kuongeza damu ndivyo vinavyotupwa sana. Vinatia kichefuchefu, vinafunga choo na kukifanya cheusi, na mtu asipoambiwa mapema kuwa choo cheusi ni kawaida, anaviacha. Akiambiwa pia asivishushie na chai, kwa kuwa chai huzuia madini ya chuma yasiingie vizuri mwilini, vitamsaidia zaidi.

Dalili za hatari zimebandikwa ukutani karibu kila kituo: kutoka damu, chupa kupasuka kabla ya uchungu, homa kali, mtoto kuacha kucheza. Mimi ningeikazia ya kichwa. Kichwa kinachouma sana, macho kuona maluweluwe, uso na mikono kuvimba, hizo zinaweza kuwa dalili kwamba presha imepanda na kifafa cha mimba kinakaribia. Mama akianguka na kutetemeka, nyumba nyingi bado zinasema ni shetani, na saa ya kukimbilia hospitali inaishia kwa mganga. Somo hili halimtoshi mjamzito peke yake. Akianguka hawezi kujieleza. Anayepaswa kuwa ameelewa ni mume, mama mkwe au mpangaji wa chumba cha pili.

Sasa mchukue mama lishe wa Buguruni. Siku ya kliniki ni siku bila sufuria jikoni, na mtaji wake ni wa kuzungusha kila siku. Kwa sera, huduma za mjamzito katika vituo vya serikali ni bure. Lakini muulize aliyejifungua atakutajia mipira ya mikono, pamba, kiwembe, mpira wa kutandika kitandani, na nauli ya bajaji ya usiku. Kumwambia "jiandae kujifungua" bila kuuliza fedha zitatoka wapi ni kumsomea tu karatasi. Elimu nzuri huanza hesabu hiyo naye mapema: kila wiki aweke kiasi gani kwenye kibubu au kikoba, nani atamsindikiza, watoto wakubwa watalala kwa nani. Akiwa alishafanyiwa upasuaji au ana mapacha, aambiwe wazi kuwa zahanati ya mtaani si pake pa kujifungulia, apange kwenda hospitali kubwa kama Amana, Temeke au Mwananyamala.

Dharura ikitokea, namba 115 ni bure. Ni ya mfumo wa m-mama, ulioanza kupelekwa nchi nzima 2022, unaomtafutia mama gari la wagonjwa, na lisipopatikana, dereva wa mtaani aliyesajiliwa ambaye hulipwa na mfumo, si na familia.

Kuna jambo linaloitwa msaada ila hugeuka kikwazo: "njoo na mwenza wako." Nia ni njema, wapimwe wote wawili VVU na kaswende, na baba asikie mwenyewe. Ila aliyekimbiwa na mwanaume anaagizwa akachukue barua serikali ya mtaa kuthibitisha kuwa hana mwenza. Fikiria binti wa miaka 19 akieleza hilo mbele ya mjumbe na watu wa ofisini. Wengine wanaona bora wasirudi.

Zipo njia za kulipunguza benchi. Mojawapo ni kliniki ya vikundi: wajawazito wenye mimba za umri unaokaribiana hukutana pamoja kila mara, wakakaa duara, wakajifunza kupimana presha na kuulizana. Mtindo huo ulianza Marekani miaka ya 1990, ingawa duara la wanawake wanaofundana si kitu kigeni kwa mtu wa Pwani.

Niliwahi kumsindikiza dada yangu kituo kimoja hapa mjini. Nesi akawa anasema kuhusu udongo, ule wanaouita pemba, kwamba una minyoo na kwamba hamu yake mara nyingi huja na upungufu wa damu. Jirani yetu wa benchi akaitikia kwa kichwa pamoja na wote, na kipande chake kimefungwa kwenye pindo la khanga. Baadaye majibu ya damu yalipotoka, nesi yule yule akamvuta pembeni, akamwonyesha namba kwenye kadi, akamuuliza polepole: "Mama, kwa siku unakula vipande vingapi?" Akacheka kwa aibu, akafungua pindo.