Mkanyagano: tunavyowasingizia watu waliokufa

"Watu walipagawa wakaanza kukanyagana." Ndivyo abiria mmoja alivyotueleza ndani ya matatu, Februari 2020, wiki ile watoto wasiopungua 14 walipofariki kwenye ngazi za shule ya msingi mjini Kakamega. Gari zima likaitikia kwa kutikisa vichwa. Mimi pia nilitikisa. Lakini siku ile hapakuwa na moto wala mlipuko. Ilikuwa jioni, watoto wanatoka madarasani waende nyumbani. Tangu hapo neno "mkanyagano" huniudhi, maana hutupa lawama miguuni mwa marehemu na kuzisahau ngazi.

Dhana: umati ukishtuka, kila mtu hugeuka mnyama.

Julai 7, 2005, mabomu yalilipuka kwenye treni za chini ya ardhi na basi moja jijini London, yakaua watu 52. John Drury wa Chuo Kikuu cha Sussex na wenzake walikusanya masimulizi ya manusura, na kilichojitokeza zaidi ni watu kusaidiana: wageni kabisa waligawana maji gizani, wakafungana majeraha, wakapishana njia. Wabinafsi walikuwepo, ila wachache. Hofu ilikuwa tele, lakini hofu si wazimu.

Dhana: hatari kubwa ni watu kukimbia ovyo.

Mara nyingi hatari huanza mapema zaidi, watu wakiwa wangali wamekaa.

Mwaka jana nilikuwa saluni, ghorofa ya tatu, hapa Kisumu, nusu ya kichwa imesukwa. Harufu ya waya unaoungua ikaingia. Tulikuwa wanawake sita. Kila mmoja aliinua macho, akawaangalia wenzake, akaona wametulia, akarudi kwenye simu yake. "Ni jirani anachoma taka," mmoja akasema, na sote tukashukuru kupata maelezo. Msusi aliendelea kuvuta nywele zangu. Tulikaa hivyo mpaka moshi ukaonekana juu ya mlango, na hata hapo kuna aliyeuliza kama atarudishiwa pesa zake. Bahati yetu, ilikuwa soketi tu, ikazimwa.

Mwaka 1968, wanasaikolojia Bibb Latané na John Darley walichapisha jaribio linalofanana sana na saluni ile. Waliwaweka watu chumbani wajaze fomu, kisha moshi ukapenyezwa kupitia tundu ukutani. Kati ya waliokuwa peke yao, asilimia 75 walitoka kuripoti. Waliokaa na wenzao wawili walioelekezwa kimya kimya wasijali chochote, ni asilimia 10 tu walioripoti. Wengine walipunga moshi kwa mkono na kuendelea kuandika. Kufuata mkumbo ni pamoja na huko: kukaa kwa sababu wengine wamekaa.

Na kuna mkumbo wa kuisogelea hatari. Januari 31, 2009, lori la mafuta lilipinduka Sachangwan, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret. Watu walikuja na mitungi wakachota, na moto ulipowaka ukaua zaidi ya watu 100. Huwezi kusema pale palikuwa na taharuki. Laiti ingekuwepo!

Dhana: wanaokufa hukanyagwa na miguu.

Wengi hukosa hewa, na baadhi hufa wakiwa wamesimama wima. Uwanjani Hillsborough, Uingereza, mwaka 1989, mashabiki walibanwa kwenye vizimba vya jukwaa, na hatimaye waliokufa wakafika 97. Chora mraba wa mita moja kwa mita moja sakafuni, kisha simamisha humo watu sita au saba. Hapo mtu hajiendeshi tena. Msukumo hupita mwilini kama wimbi, kifua hakipati nafasi ya kupanuka. Aliye nyuma husogea kidogo tu, bila kujua kwamba mbele njia imeziba. Kwenye ngazi ni vibaya zaidi, kwani aliyejikwaa chini haonekani kutoka juu.

Ukijikuta humo, kunja mikono mbele ya kifua kama bondia, usishindane na wimbi, na linapotulia jongea kwa mshazari kuelekea pembeni. Kiatu kikikutoka mguuni, kiache.

Dhana: kila mtu ataona mlango wa dharura.

Watu hurudi walikoingilia. Klabu iliyoungua Rhode Island, Marekani, Februari 20, 2003, ilikuwa na milango mingine, lakini wengi walielekea ule wa mbele, ukaziba. Walikufa watu 100. Kwetu hata anayeukumbuka mlango wa pembeni hukuta viti vya plastiki vimepangwa hapo, na ufunguo uko kwa askari, na askari ameenda chai.

Dhana: wafiche ukweli, wasipate taharuki.

Aprili 12, 2015, siku kumi baada ya shambulio la kigaidi kwenye Chuo Kikuu cha Garissa, hitilafu ya umeme ililipuka usiku katika kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi walidhani wamevamiwa, wakaruka madirishani; mmoja alifariki na zaidi ya 100 wakaumia. Kwa walivyojua wakati ule, kuruka kulikuwa na mantiki. Walichokosa ni sauti ya kuaminika ikisema ni nini kimelipuka. "Tulieni, hakuna shida" haimsaidii mtu anayenusa moshi. "Moto uko ghorofa ya pili, tokeni kwa ngazi za nyuma" inamsaidia.

Juzi nilirudi saluni ile ile. Kabla ya kukaa nikamwuliza msusi ule mlango ulio nyuma ya ndoo za maji unaenda wapi. Akacheka, "Dada, huo ni wa stoo." Tulisogeza ndoo, tukavuta komeo lenye kutu. Nje palikuwa na ngazi za chuma zinazoshuka mpaka uani. Amefanya kazi pale miaka minne.