Eti medali za kufarijiana: maneno ya kijiweni Ngamiani kuhusu Paralimpiki

Juzi hapa kijiweni Ngamiani, Tanga, kahawa inamiminwa na kashata zinapita, dogo mmoja akatoa simu akatuonyesha klipu ya Mzungu mwenye mguu wa bandia anakimbia, anakanyaga ubao, anaruka, anaenda kutua huko mbali kwenye mchanga. Mzee mmoja akatikisa kichwa akasema "maskini, Mungu amsaidie." Nikabaki nacheka peke yangu, maana huyo maskini ni Markus Rehm wa Ujerumani na mwaka 2023 aliruka mita 8.72, wakati dhahabu ya Olimpiki ya Tokyo kwenye mruko huohuo ilichukuliwa kwa mita 8.41. Sasa nani amuombee nani dua?

Basi yakaanza maneno pale kuhusu Paralimpiki, ile michezo mikubwa ya dunia ya watu wenye ulemavu, kila mtu na lake, na mengi niliyoyasikia ndo yaleyale nnayoyasikia kila siku, nikaona bora niyaandike.

La kwanza, eti Paralimpiki ni michezo ya waliopooza. Hapa wanaosema hivyo hawajakosea sana, ila hadithi wameikatia njiani. Kulikuwa na daktari anaitwa Ludwig Guttmann, Myahudi aliyekimbia Ujerumani ya Hitler, akapewa wodi ya majeruhi wa uti wa mgongo pale Stoke Mandeville, Uingereza. Zamani hizo askari akivunjika uti wa mgongo analazwa tu anasubiriwa afe, vidonda vya kulala na maambukizi ya mkojo vinammaliza. Guttmann akawatoa kitandani, akawapa michezo kama sehemu ya dawa. Tarehe 29 Julai 1948, siku ileile Olimpiki inafunguliwa London, yeye akapanga watu 16 kwenye viti vya magurudumu wakashindana kurusha mishale. Mwaka 1960 ikafika Roma, wanamichezo kama 400 hivi kutoka nchi 23. Baadae wakaingia waliokatwa viungo na wasioona, na jina lenyewe sasa hivi linasomwa kwa ile "para" ya Kigiriki, maana yake kando ya, sambamba. Tangu Seoul 1988 viwanja ni vilevile vya Olimpiki, na Paris 2024 walikuwepo wanamichezo zaidi ya 4,000.

La pili, kwamba kila mlemavu anaecheza chochote yuko Paralimpiki. Hapana bana. Viziwi wana mashindano yao tangu 1924 Paris, yaani wamewatangulia hao wengine kwa miaka mingi sana. Special Olympics nayo ni kitu kingine, ilianza Chicago 1968 kwa ajili ya watu wenye ulemavu wa akili, na pale lengo ni kila mtu ashiriki, sio kutafuta nani mkali zaidi duniani. Na hii itawauma wengi: soka la waliokatwa mguu, lile la magongo wanalocheza Tembo Warriors wetu, timu iliyotupeleka Kombe la Dunia Uturuki 2022, halimo kabisa Paralimpiki. Soka lililomo kule ni la wasioona, watano kwa watano, mpira una njuga ndani na kipa peke yake ndo anaona. Uwanja mzima unakaa kimya wasikie mpira, mpaka goli liingie ndo watu wanapiga kelele. Hebu jaribu kuwanyamazisha mashabiki wa Coastal pale Mkwakwani uone.

La tatu ndo lililonifanya niandike. "Pale kila mtu anapewa medali, ni kufarijiana tu." Mgosi, ingekuwa kufarijiana watu wasingeiba. Mwaka 2000 Sydney, Hispania walibeba dhahabu ya kikapu upande wa wenye ulemavu wa akili, kumbe kati ya wachezaji 12, kumi walikuwa hawana ulemavu wowote. Mmoja wa wachezaji alikuwa mwandishi wa habari, akaja kuanika kila kitu. Medali zikarudishwa, na adhabu wakaila wasiokuwemo, maana wenye ulemavu wa akili wa dunia nzima walifungiwa nje mpaka London 2012. Halafu kuna madaraja: unapimwa na wataalamu, unapewa herufi na namba, T11 ni mkimbiaji asiyeona kabisa, T54 ni wa kiti cha magurudumu mwenye nguvu kamili mikononi, na kadhalika. Watu wanagombana kwenye hayo madaraja kuliko hata VAR, kocha huyu anadai yule wa nchi ile kapewa daraja la chini kwa makusudi ili ashinde kirahisi. Huwezi kukuta ugomvi wa namna hiyo mahali ambapo medali zinagawiwa kama pipi.

Halafu kuna hawa wanaosema ule mguu wa bandia ni injini. Hapa nakwenda taratibu maana ubishi wenyewe haujaisha. Ule upinde wa kaboni hautengenezi nguvu, unabonyea na kurudisha ile uliyoukanyagia, hauna betri wala msuli. Lakini Rehm anarukia mguu huohuo wa bandia, kwa hiyo wataalamu wamebishana sana kama anafaidika au la, na Tokyo alipoomba kuruka na wale wa Olimpiki akakataliwa. Mimi naona walikuwa na sababu zao. Jambo ninalolipenda kwake ni kwamba kwa kazi ni fundi wa miguu ya bandia, yaani anaruka na mguu alioutengeneza mwenyewe.

Na tusidanganyane upande wa pili pia. Kuna stori inazunguka kwamba Rio 2016 mbio za mita 1500 wenye uoni hafifu waliwakimbia wa Olimpiki. Ni kweli, Abdellatif Baka wa Algeria alitumia dakika 3:48.29 na bingwa wa Olimpiki mwaka huohuo alitumia 3:50.00. Lakini ile fainali ya Olimpiki ilikuwa ya kuviziana, walienda polepole mpaka mzunguko wa mwisho. Baka ni mkali kwa miguu yake, hana haja ya kupambwa na stori nusu.

Wengine wanasema Waafrika hatuwezi kwa sababu vifaa ni bei mbaya. Sawa, kiti cha mbio cha magurudumu matatu kinatengenezwa kwa kipimo cha mwili wako na hela yake sio ya mchezo. Ila tazama Nigeria. Paris 2024 Olimpiki walirudi mikono mitupu, wiki chache baadae Paralimpiki wakachukua medali saba, nyingi zikitoka kwenye kunyanyua chuma, ile ya kulala chali kwenye benchi. Folashade Oluwafemiayo alisukuma kilo 167. Benchi, chuma, na kocha anaejua kazi. Na jirani zetu Kenya wana Henry Wanyoike, alipofuka ghafla mwaka 1995 baada ya kiharusi, akaenda Sydney kukimbia mita 5000, muongozaji wake akaishiwa nguvu njiani, ikabidi asiyeona ndo amvute anaeona mpaka mwisho, na dhahabu akachukua. Sisi Tanzania mpaka Paris hatuna medali hata moja, na sidhani kama ni kwa sababu ya vifaa.

Nasema hivyo kwa sababu ya jirani yangu, tunamuita Fundi maana anatengeneza simu, alikatwa mguu baada ya ajali ya bodaboda na sasa anacheza soka la magongo. Ukikaa nae karibu cha kwanza utaona viganja, vina sugu ngumu kama za mvuvi. Cha pili ni yale magongo yenyewe. Raba za chini zinaisha upesi sana kwenye kiwanja cha udongo, za dukani zinateleza, kwa hiyo anakata soli ya katambuga, anaiviringisha, anaifunga kwa mpira wa baiskeli, na anakwambia hii haitelezi hata mvua ikinyesha. Gongo likigusa mpira kwa makusudi ni sawa na kushika kwa mkono, kwa hiyo akitaka kupiga shuti anasimika magongo yote mawili, mwili mzima unaning'inia hapo kama bembea, halafu ndo mguu unakuja.

Siku moja kamaliza mechi, kafunga mbili, kakaa ukutani nje ya kiwanja jasho linamtoka na jezi mwilini. Kapita bwana mmoja kamuwekea elfu mbili mapajani, kaondoka bila hata kusalimia. Fundi akamuita, "Kaka, tumeshinda tatu moja!" Yule bwana hakugeuka. Basi Fundi akanunua maji tukanywa wote.

Tuna sheria ya watu wenye ulemavu tangu 2010, nzuri tu ukiisoma. Ila nenda katafute jukwaa lisilo na ngazi.

Turudi kijiweni. Yule mzee wa "maskini" tulimbeba Jumamosi kwenye pikipiki tukaenda nae kumtazama Fundi. Dakika kumi za kwanza kanyamaza, mkono shavuni, kama yuko msibani. Kipindi cha pili Fundi kabaki na kipa tu, kasimika magongo, kapaisha. Mzee akasimama na kofia yake mkononi: "We mgosi we! Hata bibi yangu angefunga ile!"