Ngao ya sponji huumiza kwa ukingo wake

Baba yangu alikuwa fundi viatu Tanga. Sikuwahi kudhani kwamba siku moja gundi yake ingenifaa kwenye uwanja wa nyasi huku Ohio, nimeshika ngao na jamaa ana rungu la sponji ananijia mbio.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: watu wazima na akili zao hukutana wikendi wakapigana kwa mapanga, mikuki na mishale iliyofunikwa sponji. Mchezo huu una vyama vyake huku Marekani, kila kimoja na sheria zake. Dagorhir ilianza Maryland mwaka 1977. Amtgard ilianza El Paso, Texas, mwaka 1983. Belegarth ni ndugu wa Dagorhir, sheria zake zinakaribiana nayo sana. Mgeni akija huuliza kwanza habari za upanga. Mimi humwambia aanze na ngao, maana ngao ndiyo itakayompeleka mtu hospitali.

Upanga wa sponji ni mwepesi. Ngao ina ubao ndani, na nyuma yake kuna uzito wa mtu mzima anayekimbia. Dagorhir na Belegarth zinaruhusu kumgonga mwenzako kwa ngao na kumsukuma nayo. Amtgard hairuhusu. Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, jua unacheza wapi. Kwa Amtgard unaweza kujibana kidogo kwenye sponji ya uso wa ngao, lakini kwa hizo nyingine mbili uso wa ngao ni silaha kama rungu.

Ngao yangu ya kwanza niliitengeneza kwa pupa. Nilikata duara la plaiwudi la nusu inchi, nikabandika sponji mbele, nikazungushia tepu, nikajiona fundi. Mchezo wa pili tu ukingo ukampata rafiki yangu mdomoni. Tulipofungua tepu tukakuta sponji ya ukingoni imekatika ndani kwa ndani, laini kabisa kama iliyopitiwa wembe. Nje ilionekana nzima.

Hapo ndipo nilipoelewa. Sponji ya ukingo haifi kwa kupigwa na maadui, inachinjwa na ubao wako mwenyewe. Kila pigo linaloshuka juu ya ngao linaikandamiza sponji kwenye ncha nyembamba ya plaiwudi, na ncha hiyo inakula taratibu. Siku hizi napiga msasa ukingo mpaka uwe mviringo, halafu napasua mpira wa kumwagilia bustani kwa urefu na kuuvisha ukingo wote. Duara la inchi 24 linahitaji mpira wa karibu mita mbili. Ile ncha nyembamba inageuka kuwa mgongo mnene, na sponji inapata mahali pa kuegemea.

Juu ya mpira huo nazungusha vipande virefu vya sponji, tabaka juu ya tabaka kama kitunguu, mpaka nifike inchi mbili nje ya ubao. Sponji ya mbele naikata kubwa ifunike ubao pamoja na vitunguu hivyo. Nyuma naweka pete ya sponji kukutana nayo. Ubao unabaki katikati kama nyama ndani ya sambusa, na hakuna upande unaoweza kuchungulia.

Sponji ipi? Si ya godoro. Ile inakunywa maji, na ukiibonyeza kidole kinafika chini bila upinzani. Unataka ile isiyonywa maji, jamii ya sponji ya ndala lakini laini zaidi. Mikeka ya kulalia wapiga kambi inafaa na haina bei kubwa. Mirija ya sponji ya kuogelea wengi huipenda kwa urahisi wake, nami sina ugomvi nayo kwa mazoezi ya nyuma ya nyumba, ila inachoka mapema na ukingo unahitaji kitu kinachorudia umbo lake.

Gundi ndiyo niliyorithi. Ni gundi ya viatu, na baba alikuwa na sheria moja ambayo wanafunzi wake wote waliivunja: subiri. Paka pande zote mbili, kaa mpaka ukigusa kwa kidole isinate tena, ndipo ukutanishe. Ukibandika ingali mbichi itateleza, na mvuke ukibaki ndani sehemu hiyo itafumuka. Ikishashikana haitoki, kwa hiyo anzia upande mmoja na uende ukikandamiza kwa kiganja. Fanyia kazi hii nje au milango ikiwa wazi. Ule mvuke wake si wa kuvutwa.

Uzito usikudanganye. Duara la inchi 24 la plaiwudi ya milimita sita lina kama kilo moja. Ukitumia ya milimita kumi na mbili umeshafika kilo mbili kabla ya sponji, na baada ya saa nzima mkono unashuka wenyewe. Wengine hukata pipa la plastiki la bluu, na mkunjo wake wa asili hukumbatia mkono vizuri. Usifikirie kujenga ngao isiyovunjika, maana kwa kanuni za Dagorhir silaha ya mikono miwili ikikupiga ngao mara mbili kwa nguvu, ngao hiyo imekufa hata kama haina mkwaruzo.

Bolti za mkanda wa kupitishia mkono zinahitaji jicho. Kichwa cha bolti kikae mbele, bapa, kimezama kwenye ubao na kufunikwa na sponji yote. Nati inabaki nyuma, na hapo ndipo kiwiko chako kitakapoangukia, kwa hiyo weka washa pana, kile kisahani cha chuma kinachokaa chini ya nati, kata mkia wa bolti uliozidi, kisha ubandike kipande cha sponji juu. Kama hupendi mikanda, shika katikati kwa mpini mmoja wa wima, kama ngao za Wamaasai za ngozi ya nyati zilivyoshikwa. Ni nyepesi kuzungusha, ila mkono unachoka upesi ukisukumwa.

Kifuniko kiwe kitambaa. Tepu inaibana sponji na kuifanya ngumu, na ndiyo iliyonifichia ule mpasuko wa kwanza. Mimi nashona mfuko wa turubai jepesi wenye kamba ya kukaza nyuma, ili niufungue na kukagua. Niliwahi kutumia khanga. Ilidumu nusu saa, na mama alipoiona kwenye picha hakunisemesha wiki nzima.

Kabla mwingine hajaguswa na ngao mpya, namwomba mwenzangu anigonge nayo mimi: mbavuni, begani, mwisho shavuni kwa ukingo. Kila mwezi nazunguka ukingo kwa dole gumba nikibonyeza kwa nguvu zote, na nikiusikia ubao mahali, ngao hairudi uwanjani. Nafanya hivyo nje kwenye baridi, maana sponji hukakamaa Januari, na ngao iliyo laini sebuleni inaweza kuwa gogo ikifika uwanjani. Kiangazi usiiache ndani ya gari, gundi inalegea.

Ninayotumia sasa ilikwama kwenye dole gumba Jumamosi iliyopita, upande wa chini kushoto. Imefunguliwa mezani, na mpira wa bustani umetoka mahali pake kama inchi tatu.