Mpango wa mji wa maji yaliyorejelezwa: maana yake

Maji yaliyorejelezwa ni maji taka yaliyosafishwa hadi yakafaa kutumika tena. Mji ukisema una mpango wa maji hayo, maana yake umeamua yatoke wapi, yafanye kazi gani, na yafikeje huko bila kukutana na maji ya kunywa. Ndani ya mpango huohuo huwekwa pia hifadhi ya maji: kuziba mivujo na kupunguza matumizi.

Hoja ya msingi haina ugumu. Kazi nyingi za mjini hazidai maji ya kunywa: kusukuma choo, kumwagilia viwanja vya michezo, kupooza mashine viwandani, kushindilia udongo barabara inapojengwa. Kwa hiyo mji hupanga ngazi za usafi kulingana na kazi. Maji ya kumwagilia mboga zinazoliwa mbichi husafishwa zaidi ya yale ya kumwagilia miti ya kando ya barabara, na ya kunywa hupita hatua nyingi kuliko yote.

Ugumu, na sehemu kubwa ya fedha, uko kwenye bomba la pili. Maji haya hayapitishwi kwenye mabomba yaliyopo. Yanahitaji mtandao wake. St. Petersburg, mji wa Florida nchini Marekani, ulianza kuwa na mtandao wa namna hiyo katika miaka ya 1970. Kwenye miji mingi ya Marekani na Australia bomba hili ni la zambarau, ili fundi akichimba asikosee. Hulazwa mbali na bomba la maji ya kunywa, tena chini yake, na msukumo wake mara nyingi huwa mdogo, ili pakitokea tundu maji yasisukumwe kuingia upande wa kunywa. Kabla ya jengo kuruhusiwa kuyatumia, mkaguzi hufunga njia moja, huacha nyingine wazi, kisha hupita akifungua bomba moja baada ya jingine. Bomba la upande uliofungwa likiendelea kutoa maji, kuna mahali fundi ameunganisha vibaya. Ni ukaguzi wa kuchosha, lakini sijui njia ya mkato inayofaa hapa.

Windhoek, mji mkuu wa Namibia, umekwenda mbali zaidi. Mito isiyokauka iko mamia ya kilomita kutoka mjini, na tangu 1968 mji huo umekuwa ukisafisha maji taka hadi yakanyweka, katika mtambo wa Goreangab. Mtambo mpya ulianza kazi 2002. Wengi husifu mitambo yenyewe: ozoni, mkaa maalumu, vichujio vya utando, klorini. Mimi naona akili ya mpango ilianzia kwenye mifereji. Maji taka ya viwandani hutengwa yasichanganyike na ya majumbani, kwa kuwa kemikali iliyozuiwa mlangoni haihitaji kuchujwa baadaye. Maji yaliyokwisha kusafishwa nayo huchanganywa na ya vyanzo vingine kabla ya kusambazwa.

Sasa hifadhi. Watu wakipunguza matumizi ya ndani, maji taka nayo hupungua, na yanayobaki huwa mazito, yenye chumvi nyingi zaidi. Mji uliojenga mtambo mkubwa kwa makadirio ya zamani unaweza kujikuta hauna cha kusafisha. Ndiyo maana makisio ya kubana matumizi hufanywa kwanza, kisha ndipo ukubwa wa mtambo uamuliwe. Kuziba mivujo ya maji safi hakuna mgongano huo, maana maji yanayovujia ardhini kwa kawaida hayafiki kwenye mtambo wa maji taka.

Majira nayo yana usumbufu wake. Maji taka hutiririka mwaka mzima, ilhali bustani zina kiu wakati wa kiangazi tu. Bila bwawa la akiba, au njia ya kuyaingiza ardhini yakangoje huko, mtambo utayamwaga mtoni msimu wa mvua na kuishiwa jua likiwaka.

Na wananchi wakikataa, mpango umekwama hata kama uhandisi hauna kasoro. Mwaka 2006 wakazi wa Toowoomba, Australia, waliulizwa kwa kura kama maji yaliyorejelezwa yaongezwe kwenye maji yao ya kunywa. Ulikuwa wakati wa ukame, na bado zaidi ya nusu walisema hapana.