Sonona kali (ugonjwa wa huzuni nzito) na tiba ya umeme: maswali mnayotuuliza kila siku wodini

Hiyo tiba ya umeme ni nini?
Mgonjwa anapewa nusu kaputi na dawa ya kulegeza misuli, halafu umeme kidogo unapitishwa kichwani sekunde chache ubongo upate kifafa kifupi, mara nyingi hakifiki hata dakika moja. Hasikii chochote. Ni mara 6 mpaka 12, kwa wiki mara mbili au tatu.

Si inachoma ubongo?
Haichomi. Ilianza Roma 1938, na zamani watu walikuwa wanapigwa umeme bila nusu kaputi, hizo ndo stori mnazosimuliana mpaka leo. Kusahau kupo, sifichi, kwa wengi kunaisha baada ya muda ila kuna mambo ya kipindi cha tiba yanaweza yasirudi kabisa.

Tukianza kwanza kwa mganga au maombi?
Hapana jamani. Mama wa watu analetwa midomo imekauka, haongei, ukimwinua mkono unabaki hapohapo hewani, ukiuliza tangu lini ndugu wanaangaliana, mmoja anasema "tulikuwa tunamsikilizia". Mnamsikilizia nini? Mchungaji au shehe aje amwombee hukuhuku wodini, hatumfukuzi mtu. Ila aliyeacha kula na kunywa, au anayesema anataka kufa, ni dharura ya leo, na msimwache peke yake hata dakika moja.

Vidonge havitoshi?
Wengi vinawatosha, ila vinachukua wiki kadhaa mpaka vikolee na mtu asiyekunywa hata maji hizo wiki hana. Ndo maana daktari anasema umeme.

Asubuhi ya tiba kweli asile kitu?
Asile! Shangazi anapenyeza chai ya maziwa na maandazi chini ya kanga eti "anaonewa", mgonjwa akishapigwa nusu kaputi ile chai inapanda inaingia kwenye mapafu. Mnaua kwa huruma.

Na ile tiba ya kusisimua ubongo kwa sumaku?
Ipo, haina nusu kaputi, mtu anakaa kwenye kiti yuko macho, ila ni karibu kila siku kwa wiki 4 mpaka 6 na hospitali nyingi za kwetu hazina mashine yake.

Akipona dawa tunaacha?
Hamuachi mpaka daktari aseme. Sonona inarudi, na inarudi haraka.

Wetu bado anaongea kidogo na uji anaonja, tusubiri mwisho wa mwezi?
Nimeshajibu hapo juu, msimsikilizie. Mleteni leo.