Krenki mpya kwenye baiskeli kuukuu ya mbio: anza na ekseli

Mwalimu mmoja mstaafu aliniletea karakanani, hapa Mabatini, Mwanza, baiskeli ya mbio ya Peugeot ya miaka ya 1970. Fremu nyembamba, rangi yake ya zamani bado inang'aa, na krenki, yaani mikono inayobeba pedeli, za chuma zilizofungwa kwa pini. Mkononi alikuwa na krenki ya alumini, Campagnolo ya zamani, aliyoipata kwenye mtumba. Tuliposalimiana akaniambia, "Fundi, nifungie hii tu. Krenki si krenki?"

Nilimwomba akae kwenye benchi, kwa sababu jibu lake si fupi. Krenki ile ni nzuri kweli, na ningefurahi kuwa nayo. Ila kwenye baiskeli yake isingekaa, na hata ingekaa asingepanda nayo mlima wa Bugando anakoishi.

Ekseli yake, yaani mhimili unaounganisha krenki mbili, ilikuwa ya mviringo, yenye mkato wa pini kila upande. Krenki ya alumini inataka ekseli ya pembe nne. Kwa hiyo anayebadilisha krenki ya pini kwa ya alumini anabadilisha ekseli pia, na ekseli inakaa ndani ya vikombe viwili vilivyofungwa kwenye fremu kwa hesi, ile mikato ya kuzungushia kama ya skrubu. Hapo kwenye hesi ndipo fremu nyingi za zamani huharibiwa, na fundi hudhani amekutana na kutu tu.

Baiskeli za Kiingereza na karibu zote za Kijapani zina hesi za inchi 1.37, hesi 24 kwa kila inchi, na kikombe cha upande wa cheni hufunguka kinyume: unazungusha kuelekea kulia. Za Kiitalia ni milimita 36, na bomba la fremu linaloshika vikombe lina upana wa milimita 70 badala ya 68. Za Kifaransa, kama Peugeot ya mwalimu, ni milimita 35 na hesi ya milimita 1, na vikombe vyote viwili hufunguka kwa kuzungusha kushoto kama nati yoyote. Fundi aliyezoea za Kiingereza akikutana na Mfaransa, atakaza kile anachodhani anakifungua. Ataongeza bomba kwenye spana, ataita mtu wa kumsaidia, na mwisho kikombe kitakatika au hesi za fremu zitang'oka.

Inchi 1.37 ni milimita 34.8, na tofauti ya 34.8 na 35 ni ndogo mno kuamini jicho. Safisha uso wa kikombe kwa mafuta ya taa na brashi, usome: mara nyingi kimepigwa chapa 1.37x24, 36x24 au 35x1. Kama chapa imefutika, toa kikombe cha kushoto, ambacho kwenye fremu zote hizi hufunguka kwa kuzungusha kushoto, kisha laza hesi zake juu ya hesi za kikombe unachokijua na uvitazame kwenye mwanga. Hesi zinazolingana hulala pamoja bila mwanya. Zisizolingana huanza kupishana baada ya hesi chache.

Vikombe vya mwalimu vilikuwa vizima, njia ya gololi haina mashimo. Nikavibakiza. Kikombe kipya cha hesi za Kifaransa ni taabu kukipata, kwa hiyo cha zamani kikiwa kizima kitunze kama mboni ya jicho. Tukatafuta ekseli ya pembe nne ambayo umbali kati ya njia zake mbili za gololi ni sawa na ule wa ekseli ya zamani. Ndani nikaweka gololi za robo inchi, 11 kila upande, zimelazwa kwenye grisi.

Sasa krenki yenyewe. Ekseli za pembe nne ziko za aina mbili kuu, JIS ya Kijapani na ISO inayotumiwa na Campagnolo. Zote zimechongoka kwa nyuzi 2, ndiyo maana ukizishika mkononi unaziona ndugu. Lakini ncha ya JIS ni nene kidogo. Krenki ya ISO ukiipachika kwenye JIS itagoma kuingia hadi mwisho, na itasimama nje kwa takriban milimita 4 au 5. Ukiilazimisha kwa bolti, tundu la alumini hutanuka na ufa huanzia kwenye kona. Kinyume chake, krenki ya JIS kwenye ekseli ya ISO huzama kupita kiasi, na inaweza kugota kabla haijabana. Unakaza, bolti inakuwa ngumu, unaridhika, kumbe krenki inaelea. Ekseli tuliyoipata kwa mwalimu ilikuwa JIS, krenki yake ISO. Shauri likaishia hapo.

Kwa upande wangu, hata kama vingelingana ningemkataza kwa ajili ya meno. Krenki ile ina bolti tano za sproketi kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 144, na kwenye duara hilo sproketi ndogo kabisa ni ya meno 41. Kwa kawaida wanafunga 52 na 42. Kwa friwili yake, ambayo sproketi yake kubwa ina meno 24, mzunguko mmoja wa pedeli kwenye 42 unampeleka karibu mita 3.7. Kijana wa mbio anaupanda mlima hivyo. Mtu wa miaka 66 anayetoka Mwaloni na samaki wake kwenye keria atashuka na kusukuma. Tukapata krenki ya Kijapani, Sugino ya duara la 110, sproketi 48 na 34. Kwenye 34 mzunguko ni chini kidogo ya mita 3, na magoti yanajua tofauti hiyo. Mji wetu umejengwa juu ya mawe, na aliyechora gia za 52 na 42 alikuwa akiwafikiria wakimbiaji wa mbio.

Ukienda mtumbani na kipimo cha venia, pima kutoka katikati ya bolti moja hadi katikati ya bolti inayoifuata, kisha zidisha kwa 1.7. Ukipata 64.7 kati ya bolti, hiyo ni 110. Karibu 76.4 ni 130, ambayo huchukua meno 38 kwa uchache. Karibu 84.6 ni ile 144. Chungulia pia nyuma ya mkono wa krenki, karibu na tundu la pedeli, usome urefu, na uhakikishe kushoto na kulia ni sawa. Nimeshaona jozi ya milimita 170 na 175 ikiuzwa kama pacha. Na tundu la pembe nne litazame kwenye jua: kona ziwe kali. Zikiwa za mviringo, acha hata ukipewa bure.

Pedeli za Kifaransa za zamani nazo zina hesi zao, milimita 14, hazikai imara kwenye krenki ya Kijapani ya inchi 9/16. Mwalimu alinunua pedeli nyingine.

Kufunga. Futa ekseli na tundu hadi vikauke. Mafundi wenzangu wengine hupaka grisi hapo, mimi sipaki. Grisi naiweka kwenye hesi za bolti na chini ya kichwa chake. Pachika mkono wa kulia, angalia sproketi isiguse fremu, na uchungulie kutoka nyuma: katikati ya sproketi mbili iangalie katikati ya friwili. Kwa baiskeli za namna hii nalenga milimita 43.5 kutoka katikati ya fremu. Halafu kaza hadi kati ya niutoni mita 35 na 40. Usipokuwa na spana ya kipimo, chukua yenye mkono wa sentimita 20 na ukaze kwa nguvu sawa na uzito wa ndoo ya lita 20 iliyojaa maji ikining'inia kwenye ncha. Watu wengi hukaza nusu ya hapo wakihofia alumini, na kulegea ndiko kunakoiua. Krenki ikicheza njia nzima kutoka Igoma hadi mjini, tundu limekwisha, na hakuna bolti ya kulirudisha.

Kutoa krenki ya alumini ni kwa pula tu, kifaa cha kuivuta itoke kwenye ekseli, iingizwe hesi zote. Nyundo iache kwa krenki za pini, na hata huko egemeza bomba la chuma chini ya krenki kabla ya kugonga, la sivyo pigo lote linakwenda kwenye gololi.

Krenki za chuma za mwalimu sikuzitupa. Nilizisafisha, nikachonga pini mpya za milimita 9.5 kwa tupa hadi zikalala bapa, nikazifunga kwenye baiskeli ya jirani anayebeba magunia ya dagaa. Kwa mzigo wa namna ile sina krenki bora zaidi ya kumpa.

Mwalimu nilimwambia aende Kisesa na kurudi, kisha apite nikaze tena mara moja. Alikuja Jumamosi, bolti ya kushoto ikaingia robo mzunguko, ya kulia haikusogea.